Jiwe Lililomuua Mbuzi wa Amosi

Nimeuza duka hapa Mwakidoto miaka mingi, na bado kuna mambo ya kijiji hiki yananitia kinyaa. Sisemi vumbi, wala inzi wa mnadani. Vumbi unafagia, inzi unafukuza. Nasema watu. Nasema wanaume wanaokaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, wanatema mate mbele ya mlango wa mtu anayeuza unga, halafu jioni wanataka waitwe wazee wa heshima. Mimi naitwa Zuwena. Babu yangu alitoka pwani na bibi yangu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo wakitaka kunisema husema mimi ni mtu wa kuja. Sawa, mimi ni wa kuja. Macho ninayo.

Ninayetaka kumweleza ni Apolonia, Mama Ngusa, ambaye ua wake umepakana na dirisha la jiko langu. Ni mjane, analima pamba kidogo na dengu kidogo, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na mwanawe wa pekee, Ngusa, anachimba dhahabu huko Geita na kurudi nyumbani akikumbuka. Hakuna la ajabu katika maisha yake. Lakini Apolonia alikuwa mtu wa salamu. Wanawake wengine hukusalimia ndoo ikiwa kichwani. Yeye hapana. Akikutana nawe njiani hutua ndoo chini, hujifuta mikono kwenye kitenge, hukupa yote miwili, kisha huanza salamu ya Kisukuma: mwangaluka, umeamkaje, watoto je, mguu ule uliokuwa unakusumbua umepoa? Wateja wangu walikuwa wakilalamika kwamba Mama Ngusa akisimama dukani foleni haisogei. Mimi nilimwacha. Mtu anayekuuliza habari ya mguu wako na kusubiri jibu si wa kumharakisha.

Basi mwaka juzi, wakati wa kiangazi, alikuwa ameanika michembe uani kwake. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, chakula cha Msukuma cha miezi ya njaa. Aliitandaza juu ya turubai akaenda kisimani. Mbuzi wa Amosi akaingia.

Amosi ndiye mkuu wa sungusungu hapa kwetu, jeshi la jadi lenye pinde na filimbi, linalokamata wezi wa ng'ombe na, pasipokuwa na wezi, linatafuta kazi nyingine. Mbuzi wake walikuwa na tabia kama za mwenyewe, hawakujua mpaka wa ua. Huyo jike alikuwa anatafuna michembe ya mjane mchana kweupe, nami nilimwona kwa dirisha nikawa nachukua ufagio nimfukuze, ndipo mshindo ukalia juu angani. Nilidhani ni baruti za mgodini, nikakumbuka kuwa migodi haiko karibu hivyo. Ukafuata mvumo, kisha kishindo kizito uani. Nilipotoka, mbuzi alikuwa amelala juu ya turubai, mgongo umevunjika, na kando yake jiwe jeusi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, limelowa damu.

Apolonia alirudi kutoka kisimani akatua ndoo. Alitazama mbuzi, akatazama jiwe, akanitazama mimi. Alichosema ni kwamba michembe yake imeharibika.

Amosi hakusema hivyo. Alipiga mwano, ule ukelele wa Wasukuma wa kuita watu wote, na watu wote wakaja. Mbuzi amekufa. Amekufa kwa nani? Kwa Apolonia. Ameuawa na nini? Na jiwe. Jiwe limetoka wapi? Hakuna aliyelirusha. Hapo Amosi akainua mkono, kwa maana hesabu yake ilikuwa imetimia.

"Mbuzi wangu aliitwa," alisema. "Aliitwa aje hapa auawe. Leo mbuzi, kesho mtoto wa mtu."

"Aliitwa na michembe!" nilipaza sauti. "Nimemwona mimi!"

"Mama Duka, wewe ni mgeni, haya huyajui."

Na sasa nieleze kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka. Yule mbuzi walimla. Mbuzi ambaye hakuchinjwa, aliyekufa mwenyewe kwa kupasuliwa uti wa mgongo, nyamafu kabisa, na ambaye wao wenyewe walikuwa wameshasema ameuawa kwa uchawi. Walimchuna pale pale, wakawasha moto nyumbani kwa Amosi, wakala nyama, wakala maini, wakala utumbo wakilamba vidole. Moshi wake uliingia jikoni kwangu nikafunga dirisha. Kama ni uchawi, mbona mnaula? Kama si uchawi, mbona mnamsingizia mjane? Lakini njaa ya nyama haina swali.

Waliposhiba walipitisha hukumu. Apolonia ametengwa. Kutengwa huku kwetu si maneno, ni sheria ya sungusungu. Hakuna kumsalimia, hakuna kuitikia salamu yake, hakuna kumpa moto, hakuna kumuuzia wala kununua kwake, na anayevunja naye anatengwa. Amosi alikuja dukani kunipa onyo. Nilimwambia aondoe kwanza mate yake mlangoni. Kwa upande wangu ningemuuzia Apolonia mbele ya wote, lakini yeye mwenyewe alikataa kuniletea balaa, akawa anakuja kwenye dirisha la jiko, jua la mchana likiwa kali na benchi limebaki tupu.

Chumvi na mafuta ya taa alipata. Salamu ndiyo iliyomuua. Nilimwona kisimani kwa macho yangu. Aliwakuta wanawake aliocheza nao ngoma tangu wakiwa wasichana, akatua ndoo kama kawaida yake, akajifuta mikono, akainyoosha. "Mwangaluka," alisema. Wale wanawake wakaangalia miguu yao. Akarudia. Mmoja akajifanya anakohoa. Apolonia akaiangalia mikono yake pale hewani kana kwamba si yake, akaichukua ndoo akaondoka.

"Amosi na wenzake hawanitishi," aliniambia siku moja dirishani. "Fidia yao siitaki, ng'ombe wao siwataki. Nataka waniitikie tu, Zuwena. Nikisema mwangaluka, mtu aseme mwangaluka."

Jiwe alilifunga kwenye kiroba akaliweka uvunguni. Alisema ndilo shahidi wake. Kama jiwe likijulikana limetoka wapi, yeye atajulikana hakulileta.

Kisha akaja Ngusa.

Habari zilikuwa zimemfikia huko Geita kwamba mama yake ametengwa, lakini nadhani zaidi zilimfikia kwamba kuna jiwe limetoka juu. Kijana alishuka kwenye pikipiki na kinu cha chuma, mchi wake, na karai. Nilijua pale pale. Mchimbaji wa Geita akipewa jiwe hana maswali mengi. Analiponda, analisaga liwe unga, anauosha unga kwenye karai akizungusha maji, na macho yake yanatafuta mkia wa njano pembeni. Ukimpa kaburi la baba yake ataliponda.

"Mama, leta."

"Hili ni shahidi wangu."

"Shahidi wa nini? Kama lina dhahabu, hao sungusungu watakusalimia wamepiga magoti."

Walivutana, na mwisho akalipasua kwa nyundo. Ndani lilikuwa la kijivu, limejaa vipande vyeupe vyeupe vikubwa na vidogo, kama zege lililochanganywa na fundi mvivu. Kipande kikubwa akakitia kinuni. Apolonia aliwahi kukalia kile kidogo, akasema mwanawe atamponda yeye kwanza. Ngusa akatwanga mchana kutwa, akaosha, akatazama. Hakuna njano. Akatoa kichupa cha zebaki, sumu ile ya kunasia dhahabu, akaimimina kwenye sufuria ambayo mama yake anapikia mboga, akakoroga kwa vidole. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Hakupata kitu. Akamwaga, akasonya, akapanda pikipiki akarudi machimboni kabla ya jua kuzama, hata hakulala. Alikuja kuona jiwe, kwa mama alipitia tu. Sufuria ile niliitoboa kwa msumari mimi mwenyewe ili asije mtu akapikia, nikampa Apolonia nyingine.

Baada yake alikuja dalali kutoka upande wa Maganzo, ambako wanauza na kununua almasi na sasa wamesikia kwamba vimondo navyo vina soko. Huyu alikuwa na sumaku imefungwa kwenye uzi. Aliisogeza kwenye kile kipande kilichobaki, sumaku ikaning'inia tu. Akajaribu tena. Kisha akafanya wanachofanya madalali, akatoa ulimi akalilamba jiwe, aone rangi yake likilowa. Upande aliolamba ndio ule uliokauka damu ya mbuzi. Sikumwambia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Kimondo lazima kivute sumaku," alitangaza mbele ya benchi langu. "Hili si kimondo. Jiwe la kawaida."

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Maana si dhahabu, Ngusa amethibitisha. Si kimondo, dalali amethibitisha. Basi ni nini? Amosi alikuwa na jibu lake tayari, na benchi zima likaitikia kwa kichwa. Nilisikia wakianza kusema kwamba kutengwa pengine hakutoshi. Nyinyi mnaojua Usukuma mnajua maneno hayo yanaelekea wapi, na mama mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaishi mwaka mmoja tu baada ya maneno hayo, akibahatika.

Sikulala. Kulipokucha nilimwomba Apolonia kile kipande. Akakifunga kwenye kitenge chake kizuri, akanipa. Nikapanda gari la Shinyanga kana kwamba nafuata bidhaa.

Raudha ni mtoto wa kaka yangu Abdulwahab. Amesoma miamba, anafundisha chuoni, na wakati ule alikuwa nyumbani kwa baba yake kwa ajili ya Idi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea kitu, usikilambe."

Alicheka, akafungua kitenge, akaacha kucheka. Aliligeuza jiwe chini ya dirisha. Alinionyesha ganda lake la nje, jembamba, jeusi, linalong'aa kama kioo, limejikunja kunja. Ganda hilo, alisema, jiwe hulipata likiungua wakati linapita angani kwa kasi, na halipo kwenye jiwe la hapa duniani hata ulichome vipi. Nikamwambia habari ya sumaku. Akasema dalali yuko sahihi nusu. Vimondo vingi vina chuma ndani, sumaku huvinasa. Lakini viko vichache sana visivyo na chuma cha kunasa, na hivyo ndivyo vinavyowanyima wasomi kama yeye usingizi.

"Na hivi vipande vyeupe, shangazi. Sitaki kusema. Nikikosea nitachekwa. Lakini kilichobaki kiko wapi?"

Nilipomweleza kinu na zebaki, mtoto wa watu aliketi sakafuni akashika kichwa. Nami nilipomwona hivyo ndipo nilipopata hasira mpya juu ya Ngusa, kwa maana nilikuwa nimedhani ile ya kwanza imetosha.

Ilichukua miezi. Alikata kipande chembamba mno, chembamba hata mwanga ukapita, akakitazama kwa darubini ya maabara. Akapeleka chembe nyingine ng'ambo, kwa mashine ambazo huku hatuna. Alinieleza kwa simu, akirudia rudia kwa ajili yangu. Vipande vyeupe ni vya madini yale yale yanayofanya uso wa mwezi ung'ae. Vilivunjwavunjwa kwa mapigo ya mawe mengine, vikagandamana tena kuwa jiwe moja. Kisha wakapima chuma na madini yaitwayo manganizi, kwa kuwa kila sayari ina kadiri yake ya kuvichanganya, na kadiri ya jiwe hili haikuwa ya dunia wala ya vimondo vya kawaida. Ilikuwa ya mwezi. Halafu wakapima alama ambazo mionzi ya angani huacha kwenye jiwe linapozurura huko, wakajua takriban limezurura muda gani.

"Shangazi, hili ndilo la kumwambia Amosi," alisema. "Hilo la muda."

Alikuja mwenyewe Mwakidoto siku ya mkutano wa kijiji. Mkutano ulikuwa asubuhi, uwanja umejaa, sungusungu wamekaa mbele na pinde zao. Apolonia alikaa peke yake, na pembeni yake nafasi tupu pande zote kana kwamba ana upele. Niliingia katika nafasi hiyo nikakaa. Raudha alisimama akaeleza taratibu, bila majivuno. Jiwe limetoka mwezini. Kitu kikubwa kiligonga mwezi, vipande vikaruka, hiki kikazunguka angani mpaka njia yake ikakutana na dunia.

"Na kwa nini kiangukie kwake?" aliuliza Amosi. "Uwanja wote huu, mashamba yote haya. Nani alikivuta?"

Watu wakaguna kwa kukubali. 

"Babu, tumepima," Raudha alijibu. "Jiwe hili liliondoka mwezini miaka zaidi ya laki moja iliyopita. Lilikuwa tayari njiani kabla hajazaliwa bibi wa bibi wa Mama Ngusa, kabla hakujawa na Msukuma, kabla hakujawa na mbuzi wa kufugwa. Aliyelivuta lazima awe alianza kazi kabla ya uchawi wenyewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wengine. Amosi alitazama pande zote akaona kicheko hakiko upande wake.

Raudha akaongeza kwamba vimondo hupewa jina la mahali vilipoangukia, na hiki kimeandikishwa duniani kote kwa jina la Mwakidoto. Ungeona mabadiliko. Sijawahi kuona nyuso zinageuka haraka vile, na sitaki kuona tena. Amosi alikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Jiwe letu!" alisema, na kifua kimemjaa. "Sisi Mwakidoto mwezi umetuchagua!" Vigelegele. Jiwe lilipokuwa uchawi lilikuwa la Apolonia peke yake. Sasa limekuwa heshima, ni la kijiji. 

Na Amosi hakuishia hapo. Alipokwisha kupigiwa makofi alimgeukia Apolonia kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayekaribia kula.

"Mama Ngusa, kijiji kimekuelewa. Tunakutoa kwenye kutengwa. Lakini unazijua mila zetu. Aliyetengwa hatoki mikono mitupu. Wazee lazima wale kwanza ndipo midomo ifunguke. Ng'ombe wako tutamchinja Jumamosi."

Alikuwa hana ng'ombe mwingine. Na hakuwa na kosa, imeshasemwa hadharani kwamba hana kosa, lakini mila ni mila na nyama ni nyama. Raudha alifungua mdomo, nikamvuta nguo, kwa sababu Apolonia alikuwa anasimama. Alisimama polepole, akatua mkoba wake chini, akajifuta mikono.

"Baba Kudra," alimwita Amosi kwa jina la mtoto wake, kwa adabu kamili. "Mnataka kula ndipo mfungue midomo?"

"Ndiyo mila, mama."

"Mlishakula."

Akawatazama waliokaa mbele, mmoja mmoja.

"Mlimla yule mbuzi. Kama ni mimi niliyemuua, basi ni mimi niliyewalisha. Nyama, maini na utumbo. Mlikula kabla hamjanihukumu, na midomo yenu ilifunguka vizuri sana. Ng'ombe wangu anakamuliwa jioni."

Akaketi. Karibu wote waliokuwa mbele pale walilamba vidole siku ile, na kila mmoja alimjua mwenzake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku zote huogopa sungusungu, alipata ujasiri mahali fulani akasema mkutano umefungwa na Mama Ngusa ametolewa bila faini.

Ndipo wakamjia. Wote. Wale wanawake wa kisimani, wanaume wa benchi langu, wazee wenye pinde, wanasukumana wamshike mkono. Mwangaluka, Mama Ngusa! Mwangaluka! Mhola? Salama? Tulikukumbuka, mama! Amosi alimshika mikono yote miwili akaitikisa, akageuza uso ili mwandishi wa habari aliyekuja na Raudha apige picha. Apolonia aliitikia kila mmoja. Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka. Hakuruka hata mmoja, hakuuliza mguu wa mtu. Nilidhani atalia kwa furaha, kwa kuwa hiki ndicho alichokuwa akikiomba dirishani kwangu miezi yote ile. Hakulia.

Nilitangulia kufungua duka. Benchi lilikuwa limeshajaa, wanazungumza habari za mwezi. Apolonia akaja kwa mlango wa mbele, ndoo ya maji kichwani, watu wakampisha kwa heshima.

"Nipe sabuni," aliniambia.

"Ya kuogea?"

"Ya mche. Ile kali."

Nikamkatia kipande. Alitua ndoo pale pale mbele ya benchi, akachota maji kwa kikombe, akaanza kunawa. Alinawa viganja, akanawa katikati ya vidole, akapanda hadi kwenye viwiko, akasuuza, akapaka sabuni tena. Mazungumzo ya mwezi yalikatika. Amosi alikuwa na mate mdomoni, nikamwona anayameza. Mwenye mikono aliikunja kwapani, mwenye kofia aliishusha, na hakuna aliyethubutu kuuliza anaosha nini.

Alipomaliza, akaikung'uta mikono, akaifuta kwenye kitenge, akaipitisha juu ya kaunta na kunipa yote miwili, ya baridi na inayonuka sabuni.

"Mwangaluka, Zuwena," alisema. "Umeamkaje? Raudha amekunywa chai? Na mguu wako je, ule uliokuwa unakusumbua?"

Nikamweleza habari za mguu, kirefu, na foleni ikasubiri.